Shaba Ina Behewa, Mama wa Manika Je?

Mwisho wa 2023 shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilipakiwa kwenye mabehewa kwa majaribio, ikateremka hadi bandari ya Lobito, Angola. Tangu hapo kila mkubwa anayepita Kolwezi ana neno juu ya ushoroba huo wa reli: mikopo, mataruma, tani. Sijasikia hata mmoja akitaja kitanda. Nasema kitanda cha abiria, kile cha chini, cha mtu ambaye miguu haimsaidii.

Wapo watakaoliita swali hili la anasa. Treni za abiria kwetu Kongo ni za kubahatisha, na watu hudandia za mizigo. Machi 2022 treni ya namna hiyo ilianguka Buyofwe, wilaya ya Lubudi, wakafa watu 75. Novemba 2017 ajali nyingine huko huko Lubudi iliua zaidi ya 30. Basi kwanza treni zitembee salama, wanasema, mambo ya vitanda yatafuata. Hoja hiyo siibezi. Ila mabehewa yakishanunuliwa, mlango mwembamba ni mlango mwembamba kwa miaka arobaini.

Tuseme mama wa Manika, hapa Kolwezi, anakwenda Kasaji kwa dada yake. Anatumia kiti cha magurudumu. Angekuwa anakwenda Lubumbashi, lami ipo, angepanda basi. Lakini upande wa Dilolo, mvua zikianza, malori hulala matopeni, kwa hiyo tegemeo lake ni reli. Dirishani anauziwa tiketi yenye namba ya kitanda. Hakuna anayemuuliza atapandaje. Kwenye vituo vidogo jukwaa hakuna, ngazi ya chuma inaning'inia juu ya kokoto, na vijana wawili wanambeba, mmoja makwapani, mwingine magotini, huku wakidai ya soda. Ndani, ujia wa pembeni unakaribia kulingana na upana wa kiti chake, sentimita 65 hivi. Hakipiti. Kinapelekwa behewa la mizigo, naye anaachwa juu ya godoro mpaka mwisho wa safari. Ndiyo maana mtu kama huyo huacha kunywa maji tangu jana yake: choo kiko mbali.

Huwa tunasingizia reli yetu kuwa nyembamba. Queensland, Australia, reli ni ya upana uleule wa milimita 1,067. Waliagiza treni 75 za abiria zitengenezwe India, zikafika, ikaonekana mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika chooni bila taabu. Tume ya uchunguzi iliketi 2018, na bajeti ya marekebisho ikapita dola milioni 300 za nchi ile. Hizo ni treni za mjini tu, hazina hata kitanda kimoja. Fundi yeyote angewaambia mapema: weka chumba mwanzoni mwa behewa, kando ya mlango na choo, mtu asilazimike kuuvuka ujia. Behewa moja kama hilo kwa kila treni linatosha. Hata nafasi ya vitanda itakayopotea si kubwa, na wazee, wajawazito na wachimbaji waliovunjika miguu watakitumia chumba hicho pia.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko dirishani. Chumba kikitengwa, nani atalala humo? Sote tunajua: mkubwa aliyechelewa kukata tiketi. Marekani, kampuni ya Amtrak huwashikia vyumba hivi wasafiri wenye ulemavu hadi siku 14 kabla ya safari, ndipo wengine wanaweza kuuziwa vingine vikiisha. Kwetu ningefupisha, iwe saa 48, na jina la aliyekipata libandikwe mlangoni pa behewa kila mtu alisome. Udanganyifu utakuwepo. Kinshasa, nauli nafuu ya walemavu wanaovuka mto kwenda Brazzaville iligeuka biashara, wengine wakawatumia kupitishia mizigo yao. Lakini biashara hiyo ndiyo iliyolisha familia nyingi ambazo hakuna aliyezikumbuka, kwa hiyo sioni sababu ya kuutupa mlo kwa sababu ya inzi.

Sheria nayo tunayo. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 9 kinataja usafiri. Sheria yetu wenyewe ni ya tarehe 3 Mei 2022. Kinachokosekana ni mistari miwili kwenye hati ya kuagiza mabehewa ya abiria: mlango wa sentimita 80, chumba kando ya choo.

Wewe unayekaa karibu na gare, treni ya abiria ikisimama, nenda na futi ya fundi, pima mlango na ujia, kisha mpelekee mbunge wako namba hizo.