Magoti ya Bibi na Maji ya Ziwa



Katika kigango chetu cha ufukoni, si mbali na Mwanza, yuko bibi mmoja ambaye miaka yote alipiga magoti kanisani kama msichana. Mwaka jana nikamwona anashika benchi ndipo ainuke. Mimi karani nikadhani namfadhili. Nikamwekea kiti mbele, nikamwambia, "Shikamoo bibi, wewe kaa tu, usijisumbue." Nyumbani nako mkwewe akamnyang'anya ndoo, wajukuu wakamnyang'anya ufagio. Sote tulifanya hivyo kwa upendo. Lakini baada ya miezi michache bibi hakuweza hata kufika jumuiya ya jirani.

Hapo nikatambua kosa letu. Kiungo kisichotumika hukakamaa kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Misuli inayoshika goti hulegea, mtu huogopa kuanguka, na kwa kuogopa huzidi kukaa.

Siku moja bibi akaniuliza: "Mjukuu wangu, nimeonyeshwa katika simu wazee wa mjini wanafanya mazoezi ndani ya bwawa. Sisi tuna ziwa zima. Je, niingie?"

Swali lake lina akili. Maji humbeba mtu. Ukisimama katika maji ya kiunoni, miguu huchukua kama nusu tu ya uzito wako. Kwa hiyo goti linaloumia nchi kavu huweza kukunjwa majini bila maumivu makubwa. Tena maji huupinga mwendo wako polepole, na hivyo misuli hupata nguvu. Jambo hili si geni. Padre Sebastian Kneipp wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 1897, alijulikana sana kwa kuwatembeza wagonjwa majini. Si yote aliyofundisha yanayokubaliwa na waganga wa leo, lakini kutembea majini kunatumika hata sasa katika hospitali nyingi za dunia.

Hata hivyo nilimjibu bibi: "Ziwani, hapana." Kwa nini? Kwa sababu ya kichocho. Katika maji machache ya ufukoni, penye majani, hukaa konokono wadogo wanaotoa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kilichoenea kando ya ziwa letu, huharibu utumbo na ini, na mwisho mtu huweza kutapika damu. Dawa iko, nayo huponya, lakini ukirudi majini waweza kuupata tena. Sisemi habari za mamba na kiboko, hizo mnazijua.

Basi tufanyeje, sisi tusio na bwawa? Tuchukue faida ya maji pasipo hatari yake.

Kwanza, chemsha maji, uyaache mpaka yawe vuguvugu, uyatie katika beseni. Mama ambaye miguu yake ina ganzi, au mwenye kisukari, apimiwe joto na mtu mwingine kwa kiwiko. Aketi kitini, atie miguu majini kwa dakika kumi. Humo ainue visigino mara kumi, vidole mara kumi, na kuzungusha vifundo vya miguu. Asisimame ndani ya beseni, maana huteleza.

Pili, ajifute vizuri. Akiwa ameketi, anyoshe goti moja polepole, ahesabu mpaka tano, alishushe. Kila mguu mara kumi.

Tatu, ainuke kitini na kuketi tena mara tano, mtu akiwa karibu. Kisha ashike mwimo wa mlango na kuinuka kwa vidole vya miguu mara kumi.

Afanye hivi walau siku tatu kwa juma. Kukazwa kidogo ni kawaida. Maumivu makali ni alama ya kuacha. Goti likivimba na kuwa la moto, au mama akiumwa kifua, au akiwa ameanguka karibuni, aende kwanza zahanati.

Nanyi watoto na wakwe, mheshimuni mama, lakini msimnyang'anye kila kazi. Mwachieni ufagio mwepesi, kuku wake, na safari ya kwa jirani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tumsaidie mama aweze kuinama, kuliko sisi kumwinamia siku zote.

Bibi yetu sasa hakimbii, wala hatukumwahidi hivyo. Lakini kile kiti nilichomwekea mbele amenirudishia. Jumapili iliyopita aliketi katika benchi pamoja na wenzake, na wakati wa kuinuka, aliinuka mwenyewe.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wa Parokia