Diski Haikupinda

Hoja yangu ya leo nimeiokota gereji. Nilikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Mchukwi kwa gari dogo la umeme nililoazimwa na shemeji yangu. Karibu na mwisho wa safari likaanza vituko kila nilipokanyaga breki. Nikamfuata fundi mmoja kijana kando ya barabara kuu, naye akanipa shikamoo. Nilipomweleza kwamba gari lina "hitilafu ya breki," alinitazama kwa huruma.

"Hitilafu gani, mzee? Linatetemeka, linatikisika, linavuta upande, au pedeli inadundadunda mguuni?"

Miaka mingi nimesahihisha tungo za wenzangu kwa kutumia neno pana mahali panapodai neno finyu. Siku ile nilisahihishwa mimi. Kwa fundi, kila kitenzi ni njia yake. Likitikisika hata usipokanyaga breki, hutazama magurudumu na tairi kwanza. Likivuta upande, hushuku breki ya gurudumu moja imekwama. Mkwaruzo humpeleka kwenye pedi zilizokwisha. Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki tu, huanza na diski za mbele. Mtetemo ukija kwenye kiti, hugeukia nyuma.

Wangu ulikuwa usukanini. Nikajitia ujuzi: "Basi diski imepinda." Ndivyo tusemavyo sote. Hakubishana nami. Alifungua gurudumu, akaipima diski unene kwa maikromita, mahali baada ya mahali, akizunguka. Tofauti ilikuwa sehemu chache za mia za milimita. Diski ilikuwa nyoofu, ila unene wake haukuwa sawa, na pedi zilipopita penye unene zilisukumwa, penye wembamba zikalegea.

Mshairi hana haja ya kuelezwa zaidi. Kipande cha mizani 8 kikichomekewa ya tisa hakipindi, lakini mwimbaji hujikwaa palepale kila akirudia.

Gari la umeme lina sababu yake ya ziada. Ukiachia mafuta (naam, bado twasema "mafuta" pasipo tone la mafuta!), mota hugeuka jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi hugusa diski kwa nadra. Katika unyevu wa pwani yetu, diski isiyosuguliwa hushika kutu, na gari likilala siku nyingi, kutu hiyo hula kwa mabaka, hasa pale pedi zilipogandamana na chuma.

Ubaya wa "imepinda" ni kwamba humtuma mtu dukani. Hununua diski mpya, hufungwa juu ya kitako cha gurudumu chenye kutu ileile, hukaa upande kidogo sana, nayo huanza kulika bila usawa. Baada ya muda mtetemo hurudi, fedha imekwenda, na dereva amekwisha kuzoea kuogopa breki zake kwenye barabara ya mabasi na malori.

Fundi wangu alikisugua kitako hadi chuma king'ae. Diski, kwa kuwa unene wake ulikuwa bado juu ya kima cha chini kilichopigwa muhuri ukingoni, zilichongwa kwenye mashine. Pedi mpya zikafungwa, nati zikakazwa kwa mkingamo, kidogo kidogo. Nyaya nene za rangi ya chungwa hakuzigusa. Alisema hizo zina mwenyewe. Kisha, barabara ilipokuwa tupu, tukapunguza mwendo mara kadhaa kwa breki za miguu, gia ikiwa huru ili mota isisaidie, bila kusimama kabisa.

Waundaji wa istilahi huanza na neno la Kiingereza, kisha hulitafutia mwenzake. Wangefanya hivyo hapa wangepata "mtetemo wa breki", nomino safi isiyomwambia fundi aanzie gurudumu lipi. Nasema waanzie kwenye swali la kijana yule, wakusanye vitenzi kabla ya nomino.

Mimi mwenyewe nilifika pale na istilahi yangu mfukoni, "breki rejeshi", nikaitoa kwa madaha. Kijana akaionja mdomoni. "Sisi twaita breki ya mota," akasema, akaendelea kufuta mikono. Nimeifuta yangu daftarini.