Ukiokota sarafu ya Kilwa, usiipige msasa!

KATIKA kila kijiwe cha mji huu hakosi mtu mwenye habari ya rupia ya Mjerumani. Atakuambia iko kwa mzee fulani mkoani, inavuta mchele, na mnunuzi anasubiri hotelini na dola zake. Kinachotakiwa ni nauli tu na pesa kidogo ya kumlainisha mzee. Wangapi wameingizwa mjini kwa hadithi hiyo? Wengi, ila wanaona haya kusema.

Tusidanganyane. Rupia haivuti mchele. Ni pesa ya mkoloni, basi. Hata ile ya dhahabu yenye tembo ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa sababu Mjerumani alikuwa amebanwa vitani na pesa zimemwishia. Wakati wewe unaifukuzia hiyo, ziko sarafu zilizopigwa na watawala wa pwani hii hii, karne nyingi kabla Mjerumani hajatia mguu. Hizo hakuna anayekupigia hadithi zake. Kwa nini?

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14 imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi yake, na leo ziko katika makumbusho huko Sydney. Huko zinatunzwa. Wewe wa Manzese au Mbagala umewahi kuiona hata moja?

Sasa sikiliza jinsi kazi ya mtunza sarafu za kale inavyofanyika. Watu hudhani ni kazi ya mzee mwenye miwani anayefuta vumbi akingoja pensheni. Si hivyo. Sarafu ikifika mezani kwake, swali la kwanza si bei. Ni hili: imetoka wapi? Shimo gani, kina gani, ilikuwa pamoja na nini? Kisha anaipima uzito kwa gramu na upana kwa milimita, anaipiga picha pande zote mbili, anaipa namba na kuiandika katika daftari. Halafu anaiweka pakavu, maana shaba ya kale ikipata unyevu na chumvi huota unga wa kijani na kulika hadi ikaisha. Wala haipigi msasa, haitii ndimu, haisugui kwa jivu. Ukiisugua ili ing'are, umefuta maandishi yaliyodumu miaka 700, na umebaki na kipande cha bati.

Utauliza, shimo lina faida gani? Twende Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wachimbuaji walipata pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Sarafu za pwani hazikuwa na tarehe. Dinari zilikuwa nazo, na ya mwisho ni ya mwaka 1066. Katika zile za fedha limo jina la Ali bin al-Hasan, jina lile lile la sarafu za Kilwa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamemweka mwishoni mwa karne ya 12. Kwa sababu sarafu zote zilikutwa pamoja, wakalazimika kumrudisha hadi karne ya 11. Historia yetu ikaongezeka umri kwa ajili ya shimo moja! Zile sarafu zingeuzwa moja moja gizani, tusingejua lolote.

Ndiyo maana sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sawa. Lakini wakubwa, sheria ya kumtisha mlalahoi peke yake haitoshi. Mvuvi mwenye njaa akiokota sarafu ufukweni, akasikia habari za polisi na mahakama, ataipeleka wapi? Ataipeleka kwa dalali, tena usiku, kwa bei ya kutupa.

Wenzetu Waingereza walitumia akili. Mwaka 1992 Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani, kijiji cha Hoxne. Akakuta hazina ya Kirumi, sarafu karibu 15,000. Alipoona ukubwa wake hakuchimbua yote, akawaita wataalamu. Serikali haikumpiga pingu. Alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima aliyekuwa akililima shamba. Hazina iko makumbusho, na hata nyundo iko pale!

Basi tunawadai wakubwa mambo matatu. Kwanza, orodha ya sarafu zote za kale zilizo mikononi mwa umma, kwa Kiswahili, kila raia aione: ngapi, zilitoka wapi, ziko wapi. Isiyoorodheshwa ikiibwa, nani atajua? Pili, anayetoa taarifa alipwe zawadi ya haki, hadharani, kwa stakabadhi. Tatu, ajira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Vijana waliosoma kazi hii wapewe meza, mizani na mshahara, wakiwemo wa Kilwa na Pemba wenyewe.

Wapo watakaosema nchi ina matatizo makubwa kuliko visarafu. Hao hao ndio husema hivyo hivyo juu ya kila kitu cha umma mpaka kidondoke. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka Unguja, na watu wawili wakafa. Jumba lililowahi kuwa makumbusho! Ufa hauanguki siku moja. Unatazamwa.

Na wewe kijana, usisubiri wakubwa ndipo uwe na akili. Ukiokota sarafu ya kale, iache kama ilivyo. Andika mahali na siku, piga picha, nenda na shahidi ukaitoe taarifa, na udai karatasi yenye muhuri. Dalali akikuambia haina thamani, muulize: mbona basi anaitaka?