Kisu cha Kalasinga na Njia Yetu ya Usiku

Ndugu wanachama,

Twaandika haya kwa sababu ya neno lililosemwa katika mkutano wetu uliopita, neno ambalo wengi walilipigia makofi, nasi tuliokaa nyuma hatukulijibu. Kunyamaza kwetu kulikuwa kosa. Leo twajibu.

Wote mwajua habari ya mwenzetu aliyetoka zamu ya usiku, akavuka kivuko cha Likoni, akashuka katika matatu karibu na nyumbani kwake Shika Adabu, akakutwa na vijana watatu wenye mapanga. Walimnyang'anya simu na fedha, kisha wakamkata mkono ijapokuwa hakushindana nao. Mkono ule ndio mkono wa kazi. Mpaka leo hawezi kushika spana sawasawa.

Basi mkutanoni mmoja wetu alisimama akasema, "Dawa ya moto ni moto. Tangu leo kila mtu wa zamu ya usiku abebe kisu kiunoni." Mwingine akaongeza, "Makalasinga hubeba visu mchana kweupe, wala askari hawawakamati. Wao wana nini na sisi tuna nini?" Hapo ndipo makofi yalipolia.

Ndugu, swali hilo si la kipumbavu, na aliyeliuliza ni mtu mwenye uchungu. Kwa hiyo yafaa lijibiwe kwa ukweli, si kwa kelele.

Kwanza tujue kile kisu cha Kalasinga ni kitu gani. Wenyewe hujiita Sikh. Mwaka 1699, mjini Anandpur katika nchi ya Punjab, kiongozi wao Guru Gobind Singh aliunda jamaa ya waumini iitwayo Khalsa. Aingiaye katika jamaa ile, mume kwa mke, huchukua alama tano: nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma, suruali fupi ya ndani, na kile kisu kiitwacho kirpani. Hatoki nacho kwa kuwa leo njia ni mbaya, wala hakiachi nyumbani kwa kuwa leo njia ni njema. Amekula kiapo. Kinamkumbusha kwamba ni wajibu wake kusimama upande wa mnyonge. Kwa mapokeo yao, baba yake Guru huyo, Guru Tegh Bahadur, aliuawa Delhi mwaka 1675 kwa sababu aliwatetea Wahindu wa Kashmir waliolazimishwa kuacha dini yao. Alikufa kwa kutetea dini isiyokuwa yake. Hiyo ndiyo maana wanayoifundisha watoto wao juu ya kisu kile.

Basi tusiseme kwamba Kalasinga ana ruhusa ya kubeba silaha na sisi hatuna. Yeye amevaa dini yake, kama vile Mkristo avaavyo msalaba.

Hata hapa kwetu twajua kutofautisha chuma na chuma. Mgema hupita Shika Adabu asubuhi na kotama yake kiunoni, nasi humwamkia. Mlinzi Mmaasai hukaa mlangoni na sime yake, nasi hulala usingizi. Mama hutoka shamba na panga kichwani juu ya kuni, wala hakuna amkimbiaye. Lakini kijana asimamaye gizani saa sita za usiku na panga lile lile, wote twamkimbia. Chuma ni kimoja, makusudi ni mbali mbali.

Sheria za nchi nyingine zimefuata akili hiyo hiyo. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1988 hukataza kubeba kisu mahali pa watu wengi, lakini humsamehe achukuaye kwa kazi yake, kwa dini yake, au kwa vazi la asili la taifa lake. Sikilizeni vizuri: kazi, dini, vazi. Asemaye amebeba kisu ili ajihami tu, kwa kawaida hapokelewi. Katika Kanada, mwanafunzi mmoja Kalasinga alikatazwa kuvaa kirpani shuleni. Shauri lilifika mahakama kuu kabisa ya nchi, na mwaka 2006 mahakama ikaamua kwamba katazo lile halikuwa halali. Avae, ila kisu kiwe ndani ya ala ya mti, kishonewe katika kitambaa, kikae chini ya nguo. Mahakama iliona kwamba katika miaka 100 Makalasinga wamesoma katika shule za nchi ile, wala halikuripotiwa hata jambo moja la mtu kuumizwa shuleni kwa kirpani. Na kwetu, kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kufuata dini yake na kuionyesha kwa ibada na desturi.

Hapa hatuna budi kukiri aibu yetu. Siku moja, katika mlango wa jengo fulani mjini, mzee mmoja Kalasinga, fundi wa mashine, alisimamishwa na mlinzi akaambiwa avue kile kisu chake mbele ya watu. Mzee alieleza kwa upole kwamba ni kitu cha dini, akaomba aitwe mkubwa. Mlinzi akampigia kelele. Sisi tulikuwa watatu katika mstari ule, na tulicheka. Mzee yule akageuka akaenda zake bila kufanya kazi aliyoitiwa. Hatukufikiri kwamba mtu aliyekuwa na kisu kiunoni ametukanwa hadharani, na mkono wake haukukigusa hata mara moja. Je, sisi tungekuwa na kisu siku ile na kutukanwa vile, mkono wetu ungetulia? Kila mtu ajibu moyoni mwake.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe la kujihami. Je, kisu humlinda mtu?

Ndugu zetu Makalasinga walioko ng'ambo wamejiuliza swali hilo kwa machozi. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 katika Marekani, watu wajinga waliona kilemba na ndevu wakadhani kila mwenye kilemba ni adui. Tarehe 15 ya mwezi ule, Balbir Singh Sodhi aliuawa kwa risasi nje ya kituo chake cha petroli katika mji wa Mesa, Arizona. Tarehe 5 Agosti 2012, mtu mwenye bunduki aliingia katika hekalu lao la Oak Creek, Wisconsin, akaua watu sita siku ile. Wa saba alikufa mwaka 2020 kwa majeraha yale. Mzee wa hekalu, Satwant Singh Kaleka, alijaribu kumzuia kwa kisu, akauawa. Alikuwa shujaa, na kwa ushujaa wake twamvulia kofia. Lakini kisu hakikuweza kusimamisha bunduki.

Basi walifanya nini baada ya kuzika? Waliendelea kufungua milango ya mahekalu na kuwalisha watu wote, hata wasiokuwa wa dini yao. Tena waliidai serikali iwahesabu: kila Kalasinga anayepigwa kwa sababu ya dini yake aandikwe katika hesabu za uhalifu. Tangu mwaka 2015 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, wakaanza kuandika. Maana lisiloandikwa, wakubwa husema halikutokea.

Na sisi wa Likoni, je, hatukufundishwa? Tarehe 13 Agosti 1997, wengi wetu tukiwa watoto wadogo, kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni. Waliua askari sita, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia majirani waliotoka bara. Watu zaidi ya 100 walikufa katika machafuko yale, na maelfu kwa maelfu walikimbia makwao, wengine wakalala makanisani. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliogopana. Hapa chamani tumo sote, Mdigo na Mluo, Mkamba na Mgiriama, Mtaita na Mkikuyu. Tukianza kutembea na visu kila mtu kwa hofu yake, siku maneno ya siasa yatakapochafuka tena, visu vile vitamtafuta nani?

Kuna na jambo la askari wa doria. Usiku wa manane haoni cheo chako wala kadi yako ya chama. Huona kijana mwenye silaha katika Likoni, mahali panaposifika kwa makundi ya vijana wa panga. Sheria yetu humruhusu mtu kujitetea anaposhambuliwa, kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyomfika. Lakini kutembea na silaha kabla ya kushambuliwa ni shauri jingine, na wewe ndiwe utakayetakiwa kueleza. Utaanza kwa kumwogopa mwizi, uishie kukaa rumande pamoja naye.

Ndipo mtu atasema, "Basi tufe kama kuku?" La hasha! Hatukusema hivyo. Twataka ulinzi, tena ulinzi mkubwa kuliko kisu kimoja.

Tukumbuke reli yetu ilivyojengwa. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000, na Makalasinga walikuwamo, mafundi wa chuma, wa mbao na wa mawe. Kama 2,500 kati ya watu hao walikufa. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo walikuwa wakiingia kambini usiku. Mwezi wa Machi walimchukua jemadari Ungan Singh kutoka hemani mwake, naye alikuwa Kalasinga mwenye nguvu nyingi. Kila mtu alijilinda awezavyo, na watu wakazidi kuliwa. Mwisho, mwezi wa Desemba, wafanyakazi walikwenda pamoja kumwambia mkubwa wao kwamba mkataba wao ulikuwa wa kujenga reli, haukutaja habari ya kuliwa. Wakasimamisha gari moshi kwa kujilaza njiani, mamia wakapanda wakaondoka. Kazi ilisimama muda wa majuma matatu hivi, na waliobaki wakajengewa mahali pa kulala ambapo simba hawangeweza kuingia. Mwezi ule ule simba wote wawili waliuawa. Kwa hiyo, ndugu, madai ya usalama wa usiku si jambo geni katika reli hii. Yana umri kama reli yenyewe.

Tena tumkumbuke Makhan Singh, aliyezaliwa katika jamii hiyo ya Makalasinga mwaka 1913. Tangu mwaka 1935 aliongoza chama cha wafanyakazi, na mwaka 1949, pamoja na Fred Kubai, akaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata akakamatwa, na Waingereza wakamfungia mbali mpaka Oktoba 1961. Mtu huyo serikali ya kikoloni ilimwogopa zaidi ya mwenye upanga. Alichokuwa nacho ni kalamu, daftari ya wanachama, na sauti ya kuwaita watu pamoja.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na twaomba yaletwe katika mkutano ujao yapigiwe kura:

Kwanza, chama kifungue daftari ya mashambulio. Kila mwanachama aliyevamiwa akienda au akirudi kazini aandikwe: siku, saa, mahali, na jeraha.

Pili, kwa daftari hiyo tumdai mwajiri gari la zamu ya usiku. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 huhesabu mtu aliyeumia ndani ya gari alilotolewa bure na mwajiri, akienda au akitoka kazini, kuwa ameumia kazini. Ndugu yetu aliyekatwa mkono hakuwa na gari hilo.

Tatu, mpaka gari lipatikane, wa zamu moja wasitawanyike kivukoni. Wangojane, wapande pamoja, washuke pamoja, mmoja asindikizwe hadi mlangoni.

Nne, tuwaendee wazee wa mtaa, maimamu na mapadri wa Shika Adabu kuhusu taa za njiani, na kuhusu vijana hao wenyewe, maana si wageni. Ni watoto wa majirani zetu, wasio na kazi.

Tano, kila mwanachama amwonapo Kalasinga amevaa kirpani yake, amheshimu. Na akimwona anatukanwa kwa ajili yake, aseme neno. Sisi watatu tuliocheka twaanza.

Atakayepita njia ya reli ya zamani na ashuke Makindu. Hapo pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, na wafanyakazi wa reli walikuwa katika waliolianzisha. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, huketishwa akapewa chakula bila malipo. Watu wenye visu viunoni hukupakulia dengu na chapati.

Wazee waliouita mtaa wetu Shika Adabu hawakusema tushike panga. Tushike adabu, na tushikane sisi kwa sisi.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa zamu ya usiku,
Shika Adabu, Likoni.