Utani wa Kifaransa

Jioni moja tulikuwa ufukoni hapa Lusenda, wavuvi wakishona nyavu zao kabla ya kuingia ziwani. Akafika mwanafunzi mmoja aliyerudi kupumzika kutoka shule ya Uvira. Akamwona rafiki yake wa tangu utoto, ambaye aliacha masomo kwa kukosa minervali, akampigia kelele: "Eh, villageois!" Wanafunzi wenzake wakacheka sana. Yule mvuvi naye akacheka pamoja nao. Lakini walipokwisha kwenda, alitusogelea akauliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, neno lile maana yake nini?"

Tulimjibu kwamba ni mwanakijiji, na kwamba husemwa kwa kumdharau mtu asiyejua mambo ya mji. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Na yeye alizaliwa wapi?"

Ndugu wasomaji, jambo hilo limetuchoma moyo, na hatutalinyamazia.

Wako wenzetu, hata walimu, wanaotaka mizaha yote ikomeshwe kati ya vijana. Hao hatukubaliani nao hata kidogo. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", naye binti humjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Nyumba nzima hufurahi. Ng'ambo ya ziwa, kule Tanzania, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, na mtani huweza kutania hata penye msiba, wala hakuna anayekasirika. Hata Bwana wetu aliwapa rafiki zake majina ya namna hiyo: Simoni alimwita Kefa, yaani Mwamba, na wana wa Zebedayo aliwaita Wana wa Ngurumo. Lakini angalieni: aliwaita kwa lugha waliyoinyonya kwa mama zao. Simoni hakuhitaji kwenda kumwuliza mwalimu pembeni.

Basi ugomvi wetu si na utani. Ni na mtu anayerusha neno mahali ambapo mwenzake hawezi kulidaka na kulirudisha.

Tena hatugombani na Kifaransa. Ni lugha ya serikali yetu, Katiba ya 2006 inasema hivyo, na anayeijua vema amepata chombo cha kufanyia kazi. Wafaransa wenyewe hutaniana vizuri tu. Mtu humwita mpenzi wake "ma puce", maana yake kiroboto wangu, naye hufurahi! (Mwiteni hivyo binti wa Kibembe, kisha mjiandae kuwaeleza kaka zake.) Wao huelewana kwa sababu wote wawili wamekulia ndani ya maneno hayo. Rafiki wa rika moja humwambia mwenzake "mon vieux", na kwao ni mzaha. Kwetu Kongo neno "vieux" limekuwa la heshima, kijana humwita hivyo kaka yake mkubwa. Neno hilo limekaa kwetu likafunzwa adabu, nasi tunalikaribisha.

Lakini "villageois" lina ukoo mwingine. Wazee wanakumbuka habari za wale walioitwa "évolués", watu walioendelea. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaweka amri ya kuwaandikisha wachache waliothibitishwa kuwa wamestaarabika. Mwenye karatasi alikuwa mtu. Asiye nayo alikuwa "musenji". Karatasi zile zimekwisha, dharau yake imebaki midomoni mwa watoto wa shule.

Na "toi là"? Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, Patrice Lumumba alikumbusha jinsi mtu mweusi alivyoambiwa "tu", wala si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Leo tunamsikia kijana akimwambia mjomba wake "toi là!" na kucheka. Kwetu "wewe" ni moja tu, kweli, lakini kwanza tunatanguliza mjomba, mama, baba mdogo.

Neno baya kuliko yote ni "macaque", yaani nyani. Ndilo walilotukanwa baba zetu na mabwana wa ukoloni. Tumewasikia vijana wawili wa Baraka wakiitana hivyo, wakipigana mabega kwa furaha. Wataalamu wa lugha husema kwamba Wareno walilichukua neno hili pwani ya Kongo na Angola, katika lugha za Kibantu, wakalipeleka Ulaya, na Wafaransa wakalipokea huko. Basi neno letu lilipanda meli, likarudi limeshika kiboko, na sasa sisi wenyewe tunalipa kiti.

Liko pia jina "réfugié", ambalo vijana wetu huwapa rafiki zao Warundi walio katika kambi hapa Lusenda tangu 2015. Hao wanalielewa sana. Hawalirudishi kwa kuwa ni wageni, na mgeni hachagui maneno. Lakini nani kati yetu watu wa Fizi hana ndugu aliyekula posho ya Nyarugusu, kule Kigoma, tangu vita vya 1996?

Wanafunzi hutujibu: "Mwalimu, c'est l'amitié, ni urafiki tu." Vema. Basi semeni neno hilohilo kwa Kibembe, au kwa Kiswahili, mbele ya mama wa huyo rafiki. Mkiona haya kulisema hivyo, mmekwisha kujua ni tusi, na Kifaransa mmekifanya kichaka cha kujifichia.

Yule mvuvi hakungoja makala yetu. Jumapili iliyofuata, walipotoka kanisani, alimsalimu mwanafunzi yule mbele ya watu wote: "Karibu, Mgeni! Njia ya ziwani unaikumbuka?" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwanafunzi alinuna siku mbili. Siku ya tatu alishuka ufukoni kuomba ndagala za mama yake, akaitwa Mgeni, akaitika.