AFYA YA JAMAA: Karatasi imesema «pozitifu»



Mwezi huu tunajibu barua moja iliyotufikia toka Kolwezi. Kijana mmoja anayefuata masomo ya ndoa kanisani alitumwa laboratwari pamoja na wenzake. Karatasi yake ilirudi na maneno haya: «Emmel: pozitifu». Baba yake mdogo akaisoma, akatikisa kichwa: «Mutoto iko na SS. Barudishe mahari yetu.» Sasa kijana anauliza: «Miye sikulazwa hospitali hata siku moja, nacheza mupira kila siku ya posho. Nitakufa? Na mchumba wangu nimwambie nini?»

Hapana, kijana, karatasi hiyo haisemi kwamba utakufa. Tuanze na neno lile «pozitifu», maana katika miji yetu likitajwa tu, watu wanawaza sida. Hapa sida haimo. Kipimo cha Emmel ni cha bei ndogo: wanachukua tone la damu, wanalifunika hewa isiingie, kisha wanaangalia kwa mikroskopi kama chembe nyekundu zinajipinda mfano wa mundu. Zikijipinda, wanaandika pozitifu. Lakini zinajipinda kwa mtu wa AS na kwa mtu wa SS pia! Kipimo hicho hakiwezi kutuambia wewe ni yupi. Kinachotuambia ni kipimo kingine, elektroforezi, nacho ndicho kinaandika herufi mbili: AA, AS ao SS. Mtu mzima ambaye hakutiwa damu wala hakulia na mifupa tangu utoto, kwa kawaida ni AS. Hata hivyo tusibahatishe, apime.

(Na tafadhali, herufi hizi si grupu ya damu. Mtu wa grupu O anaweza kuwa AS, na mtu wa grupu A vilevile. Watu wengi wanachanganya mambo hayo mawili, hata wale waliosoma.)

AS si ugonjwa. Haigeuki kuwa SS siku moja, hata ukizeeka. Unafanya kazi, unazaa, unaishi. Wenye kazi nzito kwenye joto la mgodi wanywe maji mengi na kupumzika, na shauri hilo ni la kila mtu.

Basi shida iko wapi? Iko kwa watoto. Kila mmoja wetu alipokea kipande kimoja toka kwa baba na kimoja toka kwa mama. Nyumbani fanyeni hivi: twaeni vifuniko viwili vya chupa. Kimoja ni baba wa AS, kingine ni mama wa AS. Kila kifuniko muandike A upande mmoja na S upande wa pili. Virusheni vyote viwili pamoja: hiyo ni mimba moja. Vinaweza kuanguka kwa namna nne. Moja ni AA, mbili ni AS, moja ni SS, maana yake mtoto mgonjwa. Sasa virusheni mara nne, muandike. Mtaona kwamba mara SS inatoka mbili zikifuatana, mara haitoki hata kidogo. Watu wanadanganyika hapo: «Tulishapata mumoja mugonjwa, batatu benye banakuya batakuwa bazima.» Sivyo. Vifuniko havijui nini ilitoka jana. Kila mimba inaanza upya, na hatari ni ile ile, moja kwa nne.

Ikiwa mmoja ni AS na mwenzake ni AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. Wengine watakuwa AS kama mzazi wao, basi.

Nataka kusimama hapa kidogo. Nimeona nyumba ambamo mtoto wa SS alizaliwa, na jamaa ya bwana ikasema: «Bibi njo alileta ile magonjwa.» Nyumba ingine walimshitaki nyanya kwa ulozi. Mtoto wa SS alipokea S mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Baba anayemfukuza bibi kwa jambo hili anafukuza nusu ya kosa ambalo si kosa. S ilikaa katika nchi zetu juu ya malaria: mtoto wa AS hauawi kwa urahisi na malaria kali, basi wazee wetu wengi walipona hivyo, wakatuzaa. Katika Kinshasa, kati ya 2004 na 2006, walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000. Karibu 17 kwa kila 100 walikuwa AS. Wenye SS walipita mmoja kwa kila 100. Kwa hiyo msimtazame AS kama mtu wa ajabu, pengine ameketi nawe kwenye benchi moja kanisani.

Tuseme basi mchumba naye ni AS. Munganga mwema hatawaambia «oaneni» wala «achaneni». Atawaeleza, atawaacha muulize, atawarudisha nyumbani mkawaze. Wengine wanaachana kwa machozi, wala si aibu. Wengine wanaoana wakijua. Hao wajiulize mapema: nani atabaki hospitali na mtoto? Franga ya dawa itatoka wapi mwezi kwa mwezi? Kila mtoto wao apimwe katika miezi ya kwanza, asingoje mpaka mikono na miguu ivimbe. Akiwa SS, apewe penisilini kila siku mpaka miaka mitano, chanjo zote, chandarua. Iko pia dawa inayoitwa hidroksiyure. Watoto 606 wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda waliinywa chini ya ulinzi wa waganga, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba maumivu, kutiwa damu na vifo vilipungua. Haiponyeshi, tena inataka damu ipimwe mara kwa mara, lakini si kitu kidogo.

Kwa wachungaji na wenye kufundisha ndoa, neno moja, mnisamehe. Msisome matokeo mbele ya darasa. Na kumpima mtu wakati mahari imekwisha kupokelewa na vitenge vimekwisha kushonwa, ni kumchelewesha. Vijana wapimwe kabla ya kuchumbiana, wakiwa bado shuleni.

Na wewe kijana wa Kolwezi: karatasi ya mchumba wako hukutuandikia inasema nini, nadhani bado hajapimwa. Umwambie ukweli wote, hata leo jioni. Mwende wawili, muombe elektroforezi, na karatasi zikitoka msizipe baba mdogo azisome. Mketi mbele ya munganga, awaeleze ninyi wawili. Kwa sasa mahari ibaki kule iliko.