Serikali si ya wakimbizi peke yao

Hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, tumezoea kusema kwamba anayeishi kwa mkono wa serikali ni mkimbizi wa ndani wa kambi ya Kigonze. Tuseme ukweli: hata tajiri wa mjini anaishi kwa mkono huohuo. Lori lake la sabuni, unga na mafuta kutoka Mahagi linapita barabara ya taifa namba 27, na wanajeshi wasipoilinda, mzigo unalala njiani na bei inampiga mama wa sokoni. Mwalimu naye anangoja mshahara wa serikali. Mzazi naye, tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure mwaka 2019, anangoja mwalimu huyo alipwe.

Ila ulinzi wa lori hakuna anayeuita msaada. Jina hilo limebaki kwa mama mwenye turubai lililochanika.

Mkoa wetu wa Ituri umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na bado Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa kambini Plaine Savo, Djugu. Tunaidai serikali: ilinde kambi kwa bidii ileile inayolindia misafara ya malori.